Kalemie: Vijana, video fupi na hofu ya kupitwa

Kalemie iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kwa mambo ya muziki iko nyuma siku tatu, nne, mara nyingine juma zima. Wimbo mpya ukitolewa kule katikati ya usiku, hapa umeme haupo na watu wengi wamelala. Wachache wenye mega za usiku ndio wanaouona kwanza, simu ikiwa imefunikwa na blanketi ili mwangaza usiwaamshe wadogo wao. Asubuhi kipande cha sekunde 15 kiko kwenye statu za WhatsApp. Jioni kiko midomoni mwa watoto wanaokwenda kuchota maji ziwani. Wimbo wenyewe, mzima, utafika baadaye, kama utafika.

Kati ya Kinshasa na masikio ya Kalemie kuna mtu ambaye hatajwi popote, hata na wanamuziki wanaoishi kwa jasho lake: yule anayekopi. Meza ya mbao, kompyuta ya zamani, paneli ya jua juu ya bati, waya kumi za kuchaji simu, na mwavuli wa kampuni ya simu uliokwisha rangi. Wako wengi mjini. Mmoja wao anafanya kazi karibu na soko tangu mwaka 2014. Alianza kwa kuchaji simu tu, halafu akaona kwamba mtu anayesubiri simu ijae anahitaji kitu cha kutia ndani yake. Leo kuchaji ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujaza kadi za memori.

Mteja anakuja na kadi, anatoa franga zake mia tano, anataja anachotaka. Zamani alitaja mwanamuziki: nitilie Fally, nitilie Ferre, nitilie Koffi ya zamani ile ya Papa. Sasa hataji mtu. Anasema:

“Yaya, ile ya jana uko nayo?”

“Ya jana gani?”

“Ile wanacheza hivi.” Na mteja, hapo hapo katikati ya soko, anainua bega la kushoto mara mbili na kuvuta mguu nyuma, mbele ya mama mwenye karai la ndagala kichwani anayengoja apishwe njia.

“Ah, ile. Bado haiyafika. Upite kesho asubui.”

Katika neno hilo moja, *bado*, kuna uchumi mzima. Yeye naye analala usiku akinunua mega kwa feza yake, akipakua, akichagua. Akichelewa siku moja, mteja anavuka barabara kwa jirani yake. Akipakua kitu ambacho hakitavuma, amekula hasara. Kwa hiyo amejifunza kusoma dalili: nani ameanza kucheza nini, wasichana wa shule gani wanaimba kipande kipi. Anaweza kukuambia siku ya Jumatatu kile ambacho Kalemie itacheza Jumamosi, na mara chache anakosea.

Watu wa Kinshasa, na sisi nyuma yao, wanaita jambo hilo kufanya buzi. Neno limetoka kwa Kifaransa, na Wafaransa wenyewe walilikopa. Wafanyabiashara wa Kigoma wanaovuka na mizigo hucheka wakilisikia, kwa sababu kwao buzi ni beberu kubwa la mbuzi, na katika lugha ya mtaani ya Dar es Salaam ni mwanaume mwenye pesa anayekamuliwa na msichana. Ukifikiri vizuri, kicheko chao hakiko mbali na ukweli. Katika biashara ya buzi kuna mmoja anayekamuliwa kila usiku, na mara nyingi ndiye mwenye kununua mega.

Tuwe wa haki, kwa sababu wazee wanapolaumu vijana wa TikTok wanasahau vyao. Kongo haikungoja simu ili kuogopa kupitwa na dansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaïko Langa Langa walipoingiza atalaku, yule anayepiga kelele na kuamsha watu, kila mwaka Kinshasa ilitoa kilio kipya na mtikisiko mpya, na aliyekuja likizo Kalemie akitoka kule alizungukwa mtaani mpaka aonyeshe. Ilikuwa kwasa kwasa, baadaye ndombolo. Mwenye kucheza ya mwaka uliopita alichekwa hivyo hivyo. Na kabla ya hao, hapa Katanga, gita la Jean-Bosco Mwenda, lililorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, lilisafiri kwenye sahani za santuri mpaka Nairobi, na Édouard Masengo akalifuata kwa miguu yake mwenyewe, akaishi kule akiimba hata matangazo ya biashara. Habari zilikwenda kwa gari la moshi na kwa meli. Zilifika zimechoka, lakini zilifika nzima.

Na hapo ndipo tofauti ilipo. Kasi si neno pekee la kusema. Kilichobadilika ni kipimo. Wimbo wa Kikongo ulijengwa kama safari. Kwanza maneno ya taratibu, watu wawili wawili wakishikana. Halafu gita linageuka, sebene inaingia, na hapo ndipo kila mtu anasimama. Mario ya Franco, ya mwaka 1985, inapita dakika 10, na hakuna mzee wa Kalemie atakayekubali uikate katikati. Raha ya sebene ilikuwa katika kuingoja. Video fupi imetupa mwisho bila mwanzo. TikTok ilianza na sekunde 15, ikaongeza dakika moja, mwaka 2021 ikafika tatu, mwaka 2022 ikafika 10, lakini kidole gumba cha mtazamaji hakikuongezewa subira. Mwanamuziki ameelewa. Sasa anaweka kilio mwanzoni kabisa, kabla hujamjua anayeimba ni nani, na yale majina ya wafadhili anayoyataja, mabanga, ameyasukuma mahali ambapo hakuna atakayefika.

Mkopishaji wa sokoni anaona hilo kwa macho, kwenye kompyuta yake. Faili za mwaka 2014 ni nzito. Za leo ni nyepesi, na nyingi. Kadi ya giga 4 iliyokuwa inachukua nyimbo za mtu mmoja na filamu tatu za Kinijeria, leo inabeba vipande mia kadhaa ambavyo mwenyewe hataweza kuvitaja majina.

Kuna vilivyotuletea fahari, na ni vizuri vitajwe. Tarehe 14 Desemba 2010, TP Mazembe waliposhinda Internacional ya Brazil mabao mawili kwa bila kule Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya dunia, kipa Robert Kidiaba aliruka uwanjani kwa makalio. Kalemie wakati huo bado ilikuwa ndani ya Katanga moja, na kipande kile kilipita kutoka simu hadi simu kwa bluetooth, polepole, kikiwa na ukungu mtupu. Watoto waliruka kwa makalio juu ya mchanga wa ziwa miezi na miezi. Mwaka 2015 Koffi akatoa Selfie, na watu wazima wenye vyeo wakajirekodi wakizunguka fimbo. Mwaka 2019 Innoss'B, mtoto wa Goma, akachukua Yope akairudia na Diamond Platnumz, na video ile ikapita mara milioni 100 kwenye YouTube. Kwa Kalemie ilikuwa kama harusi ya pande mbili za nyumba, Kilingala upande huu na Kiswahili cha ng'ambo upande ule. Mwaka uliofuata Jerusalema ya Master KG na Nomcebo ilifika kwa mlango wa Angola, kwa sababu ni kundi la Fenómenos do Semba la kule lililojirekodi likicheza na sahani za chakula mkononi, na wakati wa korona hata masista walicheza.

Halafu mwaka 2024 ikaja Komasava. Hapa Kalemie ilicheka kwa sababu yake yenyewe. Mtu wa Tandale, ambaye ukoo wake una mizizi Kigoma, tunakoona taa za wavuvi wake usiku kama za jirani, amechukua salamu yetu ya kila siku ya Kifaransa, ameiandika kama inavyotamkwa na mama wa sokoni, na Chris Brown wa Marekani anaichezea. Kwa juma mbili hakuna aliyesalimiwa kwa kawaida mjini. Hata polisi wa barabarani alisimamisha pikipiki kwa neno hilo. Wimbo ulizunguka dunia ili ufike kwenye mji ambao uko ng'ambo tu ya maji.

Waingereza na Wamarekani wana neno kwa ugonjwa huu, FOMO. Mwanafunzi mmoja, Patrick McGinnis, aliliandika mwaka 2004 katika gazeti la wanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard, akiwacheka wenzake waliokuwa wakikimbia kutoka karamu moja hadi nyingine usiku mmoja, wakiogopa kwamba iliyo bora iko kule wasiko. Hofu ya kupitwa. Lakini wale walikuwa wanaogopa kwa sababu vitu vilikuwa vingi na wangeweza kufika vyote kama wangekuwa na miguu ya kutosha. Hofu ya kupitwa ya Kalemie ni ya namna nyingine. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa mstari wa ndege, na hakuna barabara ya kusema unapanda basi unafika. Kijana wa Kataki au wa Lubuye hajioni kama mtu aliyechagua karamu moja akakosa nyingine. Anaona karamu zote, kila siku, kupitia kioo, naye hakualikwa hata kwa moja. Tena anaona kwa zamu. Mwenye mega ameona Ijumaa. Mwenye kadi ya memori ameona Jumanne. Asiye na simu anaonyeshwa Alhamisi, na akianza kucheza wanamwambia, “Eh, weye, ile imekwisha kufa.”

Mahali ambapo jambo hili linauma kuliko kote si kwenye baa. Ni kwenye matokeo ya mtihani wa serikali.

Kila mwaka wanafunzi wa mwisho wa sekondari, finalisti, hungoja jibu linalokuja kwa ujumbe wa simu. Akipita, desturi ya Kongo nzima inajulikana: poda nyeupe kichwani, usoni, shingoni, ndugu wanakimbia barabarani wakiimba, pikipiki zinapiga honi. Ni sherehe nzuri, na ilikuwa ya mtaa. Aliyeanguka alibaki ndani na mama yake, mlango umefungwa, majirani wakijifanya hawajui, na baada ya siku mbili tatu akatoka kununua chumvi na maisha yakaendelea. Aibu ilikuwa na ukuta.

Sasa poda inamwagwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa sababu ile ya kwanza haikurekodiwa vizuri. Kuna wimbo unaochaguliwa siku zilizotangulia, kuna nguo nyeupe zilizoshonwa kabla ya kujua kama kuna jibu, na kuna mtoto wa kushika simu anayeambiwa arudi nyuma ili poda ionekane ikianguka. Klipu zinaingia kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Ishirini. Thelathini. Na kila mtu katika kundi anaanza kuhesabu, bila kusema, ni nani ambaye hajaweka yake.

Binti mmoja alikuja kwa mkopishaji siku moja kama hiyo. Hakuwa na kadi ya kujaza. Aliomba kitu ambacho hakuwahi kuombwa: amtafutie klipu ya poda ya mtu mwingine, mtu wa mbali, wa Kikwit au Mbandaka huko, ambaye sura haionekani vizuri kwa sababu ya weupe, ili aiweke kwenye statu yake kwa siku moja tu. Siku moja, akasema, mpaka kundi litulie. Alikuwa na franga mia tano mkononi, zimekunjwa ndogo kabisa.

Mkopishaji alimwambia hana. Alikuwa nazo nyingi. Alimchajia simu bure na kumwacha akae kwenye benchi mpaka jua lilipoanza kuingia, na hawakusemezana. Mwaka uliofuata alirudia mtihani. Alipita au hakupita, hilo ni lake.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watoto. Basi tuseme ya watu wazima. Tarehe 29 Oktoba 2022, siku ya Jumamosi, Fally Ipupa alipiga kwenye uwanja wa Martyrs Kinshasa. Uwanja huchukua watu 80,000. Kwa juma nyingi kabla, tangazo lilikuwa limekula kila simu ya nchi hii, mpaka ilionekana kwamba usiku ule Wakongo watagawanyika makundi mawili, waliokuwamo na waliokosa. Waliingia kupita kipimo, hata njia za kupitia zikajaa. Watu 11 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana, wawili kati yao polisi. Hiyo ndiyo hesabu aliyoitoa waziri wa mambo ya ndani.

Kalemie ilipata klipu kwa mpangilio ambao hakuna mwandishi angeuthubutu. Kwanza uwanja unaowaka taa za simu, watu wakiimba pamoja, na vijana wa hapa wakiandika chini: tumekosa, tumekosa. Baada ya saa chache, watu wanabebwa na mikono na miguu. Wale wale walioandika tumekosa wakaanza kutafuta hizo.

Siku ya Jumatatu mkopishaji aliuza vipande vya msiba kuliko nyimbo. Hakujiuliza, anasema, wateja waliomba, alikuwa navyo. Mchana mama mmoja akaja kuchaji simu. Kijana wake anasoma Kinshasa, na tangu Jumamosi simu yake haikupatikana. Mama alisikia kwamba kwenye mashine ile kuna video.

“Papa, angalia kama mtoto yangu iko mu hizo.”

Alimfungulia, moja baada ya nyingine. Mama alikuwa anasimamisha kwa kidole kwenye kila shati. Zilikuwa zaidi ya 30, nyingine ni ile ile iliyokatwa tofauti, na kwa mara ya kwanza aliyekuwa akiziuza alilazimika kutazama hadi mwisho, sura baada ya sura, kwa jicho la mtu anayetafuta wake. Hawakumwona. Jioni kijana alipiga simu: alikuwa amekosa umeme kwao siku mbili, na uwanjani hakwenda, hakuwa na feza ya tiketi. Aliona aibu kumwambia mama hivyo, kwamba aliye Kinshasa naye alipitwa.

Usiku ule mkopishaji alifuta vyote. Haikumletea baraka yoyote ya kusimulia. Wateja walikwenda kwa jirani, na jirani aliuza juma nzima. Mwaka 2024, tarehe 27 Julai, uwanja ule ule, safari hii ni tamasha la nyimbo za Mungu la Mike Kalambay, watu saba walikufa. Muziki ulikuwa mwingine, watu wengine, mlango ule ule. Alipoulizwa na kijana wa kwanza asubuhi alijibu kwamba mashine ina virusi.

Ni kweli pia kwamba kipande kifupi kinaweza kubeba kitu kizito bila kukiangusha. Tarehe 7 Februari 2024 kule Abidjan, kabla ya nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kama bastola kwenye kichwa wakati wa wimbo wa taifa, kwa ajili ya watu wanaouawa mashariki huku dunia ikinyamaza. Tulifungwa moja kwa bila. Mechi imesahaulika, sekunde zile bado ziko kwenye simu. Katika mji ambao umepokea waliokimbia vita ya Watwa na Waluba tangu mwaka 2016, hazikuhitaji maelezo.

Lakini mwaka mmoja baadaye, Februari 2025, Bukavu ilipoanguka na maboti yaliyojaa watu yakaanza kutua Kalemie yakitoka Uvira, simu zile zile zilifanya kazi ile ile bila kubadili tabia. Mtu alikuwa anaona dansi, anasukuma kwa kidole, anaona askari wanaokimbia, anasukuma, anaona tangazo la mafuta ya nywele. Video ya zamani ya mji mwingine ilipewa jina la Kalemie na familia zikafunga virago usiku. Hofu ya kupitwa na raha na hofu ya kupitwa na habari ya kuokoa maisha zinapita kwenye bomba moja, na mtu aliyezoea kuamini ile ya kwanza bila kuuliza imetoka wapi, ataiamini na ya pili.

Kuna wakati mmoja ambapo bomba hilo lilikauka kabisa. Baada ya kura ya Desemba 2018 serikali ilikata intaneti tarehe 31, pamoja na ujumbe wa simu, na ilirudi baada ya siku kama 20 za Januari. Ilikuwa dhuluma, na hakuna haja ya kuitia sukari: watu walikatiwa habari ya kura zao wenyewe, redio ya RFI nayo ikazimwa. Ila mkopishaji hucheka akikumbuka Januari ile. Hakuna aliyekuwa na kipya. Hakuna ile ya jana. Watu walileta kadi zao wakaomba vya zamani, Pepe Kalle, Madilu, na kwa kuwa hapakuwa na kingine, walisikiliza hadi mwisho. Kwenye baa za kando ya ziwa walicheza walichonacho. Walikuwa wamepitwa wote pamoja, na kumbe ukipitwa pamoja na mtaa mzima hujui kama umepitwa.

Intaneti iliporudi, aliuza kadi 40 kwa siku moja.

Sasa ana jambo lake dogo analolifanya. Kalemie ina wanamuziki. Kuna vijana wanaorekodi kwenye vyumba vilivyofunikwa magodoro, wanaimba kwa Kiswahili cha hapa, kuhusu ziwa lililopanda na kumeza nyumba, kuhusu gari la moshi, kuhusu wasichana wa Hewa Bora. Hawavumi. Wengine wameanza nao kukata nyimbo zao ili zifanane na sekunde 15, na zinatoka kama samaki aliyepikwa kichwa tu. Mkopishaji, kila anapojaza kadi ya mtu, anaongeza wimbo mmoja wa hapa kama matabishi, bila kulipisha. Wengi hawagundui. Wengine wanarudi na kumwambia awafutie, unakula nafasi.

Lakini si wote. Juma lililopita jioni alifika mfanyakazi wa boti ya Moba, kamba begani, boti ikiwa karibu kuondoka. Akatoa kadi yake, akasema atoe hizi zote fupi fupi.

“Nitie gani sasa?”

“Tia ndefu. Na ile ya matabishi, iache. Tunalala mu maji usiku muzima, na kule hakuna rezo.”